Mfalme Aliyenyolewa: Kisa cha Wamba wa Toledo, Oktoba 680

Jumapili tarehe 14 Oktoba 680, giza lilipoanza kuingia mjini Toledo, Wamba, mfalme wa Wavisigothi, alizidiwa ghafla. Waliokuwa karibu naye wakaona huyu hafiki asubuhi. Akapewa kitubio cha watu wanaokata roho: akanyolewa utosi, akavishwa mavazi ya kitawa, akaombewa kama msafiri wa akhera. Halafu hakufa. Alipopata nafuu, ufalme haukuwa wake tena. Jumatatu tarehe 15 mkubwa mmoja wa ikulu yake, Erwig, alikuwa ameshaushika, na Jumapili iliyofuata, tarehe 21, Erwig akapakwa mafuta ya kifalme.

Hakuna aliyechomwa kisu, na hakuna jeshi lililosogea. Kwa dola iliyozoea kubadilisha wafalme kwa damu, hilo peke yake ni la kushangaza. Wengi wanaokisimulia kisa hiki hukimbilia sumu: kuna mkono wa mtu, mzee katiliwa kitu kwenye kinywaji. Nitaifikia sumu. Lakini naona wanaoanzia hapo wanaanzia mwisho wa kamba. Sumu, kama ilikuwepo, ilimlaza Wamba usiku mmoja tu. Kilichomng'oa ni wembe na hati tatu. Swali la kuuliza ni kwa nini wembe ulitosha, na kwa nini mfalme aliyewahi kuponda uasi mkubwa ndani ya mwaka mmoja hakupata hata mtu mmoja wa kunyanyua mkono na kusema, subirini kwanza.

Kwa msomaji asiyewafahamu Wavisigothi: ni wale Wagothi walioingia Roma mwaka 410 wakiongozwa na Alaric, wakaja kutawala kusini mwa Ufaransa ya leo, wakapigwa na Wafranki huko Vouillé mwaka 507, kisha wakahamishia nguvu zao Hispania na kuifanya Toledo makao yao. Waliosoma historia ya Andalusi huwakuta mwishoni mwa safari yao, kwa jina la al-Qut, pale Tariq bin Ziyad anapovuka bahari mwaka 711. Wakati wa Wamba walishika karibu Hispania na Ureno yote ya leo, pamoja na ukanda wa pwani uliopita Narbonne hadi Nîmes.

Tatizo lao kubwa lilikuwa kiti. Wafranki walikuwa na ukoo mmoja wa kifalme, hata mtoto mdogo akitoka humo alikubalika. Wavisigothi hawakuwa nao. Theudigisel aliuawa karamuni Seville mwaka 549. Agila aliuawa na watu wake mwenyewe. Liuva wa Pili alikatwa mkono na kuuawa mwaka 603, na aliyemfanyia hivyo, Witteric, naye akauawa mezani miaka 7 baadaye. Mwandishi mmoja wa Kifranki aliyejulikana kama Fredegar aliuita mtindo huu ugonjwa wa Wagothi. Yeye huyo anasimulia kwamba Chindasuinth, alipotwaa ufalme mwaka 642, aliwaua wakubwa 200 na watu wa ngazi ya kati 500 ili asije akafanyiwa alichowafanyia wengine.

Maaskofu walijaribu kuutibu ugonjwa huo kwa kanuni. Mtaguso wa Nne wa Toledo, yaani mkutano wa maaskofu wa nchi, mwaka 633, chini ya Isidore wa Seville, ulimlaani kila atakayevunja kiapo alichomwapia mfalme. Mtaguso wa Sita, mwaka 638, ukaorodhesha watu wasioweza kuwa wafalme: mtumwa, mgeni asiye Mgothi, aliyenyolewa kwa adhabu ya aibu, na aliyenyolewa kwa kuingia utawani. Hao wawili wa mwisho tuwaweke akilini. Kanuni ilikusudiwa kuwazuia watu wasiofaa wasikikaribie kiti. Haikuchukua muda watu wakagundua kwamba inafanya kazi pia kinyumenyume: ukitaka mtu asifae, mnyoe. Tulga, kijana aliyepinduliwa na Chindasuinth mwaka 642, aliondolewa hivyohivyo, kwa kunyolewa.

Sasa Wamba. Tarehe 1 Septemba 672 Mfalme Recceswinth alifariki katika shamba lake la Gérticos, maili za Kirumi 120 hivi kutoka Toledo. Siku hiyohiyo wakubwa waliokuwepo wakamchagua Wamba. Habari hizi tunazo kwa sababu Julian, aliyekuja kuwa askofu wa Toledo, aliandika historia ya mwanzo wa utawala huu, na aliiandika kwa mapenzi. Anasema Wamba alikataa, akalia, akasema uzee umemwelemea na mzigo huu hauwezi. Ndipo mmoja wa madukwe, wale wakuu wa majimbo na majeshi, akachomoa upanga na kumwambia wazi: ukubali sasa hivi au tukumalize hapahapa. Akakubali.

Kukataa kwanza ilikuwa sehemu ya adabu ya kuupokea ufalme, kwa hiyo machozi hayo sitayawekea uzito mwingi. Lililo na uzito ni sharti alilotoa baada ya kukubali. Hakutaka kupakwa mafuta palepale shambani. Alitaka afike kwanza Toledo, kwenye kiti cha wahenga, ili mtu asije akasema ameudaka ufalme pembeni bila ridhaa ya wote. Akangoja siku 19. Ndipo Askofu Quiricus akammiminia mafuta kichwani katika kanisa la ikulu la Watakatifu Petro na Paulo. Julian anaongeza kwamba mvuke ulipanda kutoka kwenye utosi huo kama nguzo ya moshi, na nyuki akaonekana akiruka kutoka humo. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya wazi tuliyo nayo ya mfalme wa Wavisigothi kupakwa mafuta.

Wamba alitaka uhalali wake usitiliwe shaka na yeyote, akauegemeza kwenye ibada: mafuta, kanisa fulani, mji fulani, askofu fulani. Akili nzuri. Ila aliyekubali kwamba ibada iliyofanyiwa kichwa chake ndiyo imemfanya mfalme, atajibu nini siku ibada nyingine itakapofanyiwa kichwa hichohicho?

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Mwaka 673, akiwa kaskazini akipigana na Wabaski, akapata habari kwamba Hilderic, liwali wa Nîmes, ameasi akishirikiana na Askofu Gumild wa Maguelone. Wamba akamtuma jemadari wake Paul akauzime moto. Paul akaenda, akaupulizia. Aliuteka mji wa Narbonne, akaungwa mkono na Ranosind, dukwe wa jimbo la Tarraco, akajitangaza mfalme. Na yeye pia akataka mafuta. Taji alilojivika lilikuwa la dhahabu, zawadi ya Mfalme Reccared kwa kaburi la Mtakatifu Felix huko Girona. Paul alilitoa kanisani akaliweka kichwani. (Anayetaka kuona mataji ya namna hiyo yalivyokuwa, hazina ya Guarrazar iliyofukuliwa karibu na Toledo mwaka 1858 inayo. Lile la Recceswinth lina herufi za dhahabu zinazoning'inia kwa vijinyororo, zikisema kwamba mfalme huyo ndiye aliyelitoa. Yalitengenezwa kutundikwa juu ya altare, si kuvaliwa.) Kisha Paul akamwandikia Wamba barua ya dharau, akijiita mfalme aliyepakwa mafuta wa mashariki na kumwita mwenzake mfalme wa kusini, kana kwamba nchi imeshagawanywa.

Washauri walimwambia Wamba arudi kwanza Toledo akusanye jeshi jipya. Akakataa. Akamalizana na Wabaski kwa siku saba, akateremka Barcelona na Girona, akaligawa jeshi mara tatu kuvuka milima ya Pirenei, na kufikia mwisho wa Agosti alikuwa amefika Nîmes. Paul na watu wake walijifungia ndani ya uwanja wa duara wa Kirumi uliopo mjini hapo hadi leo. Mwanzoni mwa Septemba, mwaka mmoja kamili tangu Wamba achaguliwe, Paul akavua mavazi ya kifalme na kumtuma Askofu Argebad wa Narbonne akawaombee uhai. Alitolewa akiwa katikati ya madukwe wawili waliopanda farasi, kila mmoja kamshika nywele upande wake.

Hukumu iliyofuata imeandikwa kirefu, nayo ndiyo ufunguo wa kisa chetu. Wamba hakuwakata vichwa papo hapo. Aliwasimamisha mbele ya jeshi, akawauliza kama yuko mmoja wao aliyewahi kudhulumiwa naye. Wakasema hakuna. Ndipo zikaletwa hati. Ya kwanza, kiapo walichoapa kwa Wamba, na sahihi zao wenyewe chini. Ya pili, kiapo walichoapa kwa Paul, na sahihi zao chini vilevile. Ikasomwa kanuni ya mtaguso, ikasomwa sheria ya nchi. Adhabu ilikuwa kifo, mfalme akaipunguza. Wakanyolewa. Wakaingizwa Toledo kwenye mikokoteni iliyokokotwa na ngamia, miguu mitupu, nguo chafu, ndevu na nywele hakuna, na Paul mbele kabisa kavikwa taji la ngozi nyeusi. Kwa kanuni ya mwaka 638, hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza tena kuutamani ufalme.

Sahihi na wembe, basi. Aliyeutumia utaratibu huo kwa ustadi kuliko wafalme wote waliomtangulia ni Wamba mwenyewe.

Kuna jambo jingine dogo kwenye safari hiyo ambalo msomaji wa huku kwetu atalisoma mara mbili. Julian anasema askari waliowaingilia wanawake njiani Wamba aliwaadhibu kwa kuwakata govi. Kwetu govi hukatwa jandoni na mtu hutoka akiwa mtu mzima mwenye heshima zake. Huko ilikuwa fedheha. Julian anamsifu mfalme kwa ukali huo. Nami naona hapo tabia ya mtu: alikuwa na nidhamu isiyojua kusamehe, na hiyo ndiyo iliyomharibia.

Maana wiki chache tu baada ya ushindi, tarehe 1 Novemba 673, alitoa sheria ya kijeshi. Adui akivamia jimbo lolote, au mtu akiasi, kila aliye ndani ya maili 100 lazima aende kupigana na watu wake, awe dukwe, liwali, askofu au padri. Asiyekwenda atalipia hasara. Maaskofu, mapadri na mashemasi wasio na cha kulipa wapelekwe uhamishoni. Wengine wapoteze haki ya kutoa ushahidi, nao na mali zao wawe mikononi mwa mfalme. Kwa mtu aliyetoka kuona maaskofu wakimkimbilia mwasi, sheria hii ina mantiki yake. Lakini kupokonywa haki ya ushahidi kulikuwa kufa kiraia: huwezi kushuhudia mkataba, huwezi kutetea shamba la ndugu yako. Miaka 8 baadaye Erwig alidai mbele ya maaskofu kwamba karibu nusu ya watu wamevunjiwa heshima kwa sheria hiyo, na kwamba viko vijiji ambako shahidi halali hapatikani kabisa. Nusu ni kauli ya mtu anayejipendekeza, tuipunguze tutakavyo. Bado inabaki hesabu kubwa ya watu wenye vyeo ambao hawakuwa na sababu ya kumwombea Wamba maisha marefu.

Maaskofu walikuwa na malalamiko ya ziada. Mwaka 675 alitoa sheria ya kuwabana wasijitwalie mali za makanisa madogo. Alianzisha uaskofu mahali ambapo haukuwepo: mmoja katika kijiji cha Aquis, uliomkera Askofu Stephen wa Mérida hadi akaja kulalamika mtaguso mzima ukimsikiliza, na mwingine Toledo kwenyewe, nje kidogo ya ukuta, katika kanisa la ikulu la Petro na Paulo. Fikiria nafasi ya Julian. Aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Toledo tarehe 29 Januari 680, na katika mji wake mwenyewe, kwenye kanisa lilelile wafalme wanakopakwa mafuta, kulikuwa na uaskofu mwingine uliobuniwa na mfalme.

Kwa hiyo jioni ile ya Oktoba mzee alipolala, hakukuwa na kundi la kumlinda. Sioni haja ya kufikiria njama ya watu wengi. Ilitosha watu wengi wanyamaze.

Kitubio chenyewe kinahitaji maneno mawili matatu, kwa sababu si kile Mkatoliki wa leo anachokijua, cha kuingia kitubioni Jumamosi na kutoka. Wakati huo mtu alikipokea mara moja maishani, kwa hiyo wengi walikisubirisha hadi saa ya mwisho. Kilikuwa na nguo ya gunia, majivu na kunyolewa, na aliyekipokea akapona aliishi kama mtawa maisha yake yote: hashiki silaha, harudi kwenye mambo ya dunia. Kumpa mgonjwa mahututi kilikuwa kitendo cha huruma, maana kufa bila hicho lilikuwa jambo la kutisha. Hakuna aliyeweza kumlaumu padri aliyeharakisha. Ubora wa mtego huu, kama ni mtego, ni kwamba kila mkono ulioushika ulikuwa na sababu njema ya kusema.

Tarehe 9 Januari 681 ukafunguliwa Mtaguso wa Kumi na Mbili wa Toledo. Erwig aliwaletea maaskofu hati tatu. Moja ilieleza jinsi Wamba alivyopokea kitubio na utosi kunyolewa, na wakubwa wa ikulu wameitilia sahihi kama mashahidi. Ya pili, yenye sahihi ya Wamba, ilimtaja Erwig kuwa mrithi. Ya tatu ilimwagiza Julian ampake Erwig mafuta bila kukawia. Maaskofu wakasema wameziona na kuzisoma, wakauthibitisha utawala mpya, wakawafungua watu wote kwenye kiapo walichomwapia Wamba.

Mtu anayekata roho, aliyepoteza fahamu kiasi kwamba wenzake wanamnyoa haraka, ametia sahihi hati ngapi usiku huo, na saa ngapi? Hapo ndipo mimi nasimama. Lakini ushahidi mzito zaidi umo kwenye kanuni inayofuata palepale, kanuni ya pili. Inazungumzia watu waliopewa kitubio wakiwa hawajitambui, ambao wakipona hulalamika kwamba hawakukiomba na hutaka kurudi kwenye mambo yao. Kanuni inasema hapana: kama mtoto mchanga anavyobatizwa bila kujua na ubatizo ukamfunga, vivyo hivyo na hao. Kisha, ndani ya kanuni hiyohiyo, inawageukia mapadri: asithubutu yeyote kumpa kitubio mtu asiyekiomba, na atakayefanya hivyo atengwe na komunyo mwaka mzima.

Isome tena taratibu. Sehemu ya kwanza inamfungia mlango mtu fulani anayelalamika. Sehemu ya pili inakiri kwamba kumpa kitubio mtu asiyekiomba ni kosa. Mtaguso hautaji jina, lakini umeitishwa miezi mitatu baada ya Oktoba 680 kwa ajili ya jambo moja kubwa, na kanuni hii imeketi mara tu baada ya ile ya kumthibitisha Erwig. Siamini kwamba maaskofu walikuwa wakihangaikia wakulima waliozinduka kutoka kwenye homa. Wamba alikuwa hai, na alikuwa amesema jambo.

Basi ni nani? Erwig ndiye aliyefaidika zaidi, na jina lake ndilo la kwanza. Julian anamfuata kwa karibu. Tunajua kutoka kwa Felix, aliyemrithi baadaye kwenye uaskofu, kwamba Julian alikuwa amemwandikia Erwig kitabu kidogo kuhusu hukumu za Mungu, na barua mwanzoni mwake, tangu Erwig alipokuwa bado liwali. Walifahamiana vizuri. Na mtaguso ulimlipa Julian: uaskofu wa kanisa la ikulu ulifutwa pamoja na ule wa Aquis, na askofu wa Toledo akapewa mamlaka ya kuwaweka wakfu maaskofu wa majimbo yote ya nchi kwa uteuzi wa mfalme. Kabla ya hapo alikuwa mkubwa wa jimbo moja.

Kufaidika si kutenda, hata hivyo. Wamba alilalamikia uzee tangu mwaka 672, na mzee kuugua ghafla usiku hakuhitaji mchawi. Inawezekana kabisa alianguka mwenyewe, na waliokuwa karibu wakaiona nafasi kabla hajaamka. Hukumu yangu ni hiyo: ugonjwa huenda ulikuwa wa kweli, haraka ilikuwa ya kupangwa.

Sumu inaingia hapa. Inatajwa katika tarikhi iliyoandikwa Asturias, kaskazini mwa Hispania, wakati wa Mfalme Alfonso wa Tatu, takriban miaka 200 baada ya tukio. Inasema Erwig alimnywesha Wamba mmea uitwao spartus, akapoteza kumbukumbu, na askofu na wakubwa walipomwona hivyo wakampa kitubio kwa huruma, bila kujua. Orodha ya wafalme iliyo karibu zaidi na tukio, inayotupa siku na saa, haitaji kinywaji. Mtaguso hauwezi kutarajiwa kukitaja. Na tarikhi hiyohiyo ya Asturias inadai Wamba aliteketeza meli 270 za Wasaraseni, yaani Waarabu Waislamu, ushindi ambao ungekuwa wa kweli tungeusikia kwa wengine pia. Zaidi ya hayo, inamfanya Erwig kuwa mwana wa Ardabast, mhamishwa kutoka nchi ya Wagiriki. Waandishi wa karne ya 9 walitaka kueleza kwa nini dola ya Wagothi ilianguka mikononi mwa Waislamu, na mtoto wa mgeni mwenye kikombe cha sumu aliwarahisishia kazi. Sisemi ni uongo mtupu. Nasema nisingemfunga mtu kwa ushahidi huo.

Wamba alipelekwa utawani, Pampliega karibu na Burgos kwa mapokeo, na tarikhi hiyo inampa miaka 7 na miezi 3 humo. Hakurudi.

Erwig alitawala kama mdaiwa. Mwaka 683, katika Mtaguso wa Kumi na Tatu, waliomfuata Paul walirudishiwa vyeo na mali, miaka 10 baada ya wembe wa Nîmes. Ikawekwa kanuni kwamba hakuna mkubwa wa ikulu wala mtu wa kanisa atakayevuliwa cheo, kufungwa au kuteswa bila kusikilizwa hadharani na wenzake. Madeni ya kodi yakafutwa. Ikaongezwa laana kwa yeyote atakayemdhuru mke wa mfalme na watoto wake baada yake. Jeshi alilidai pia, kwa sheria yake mwenyewe, lakini ile adhabu ya kunyang'anywa ushahidi aliiondoa. Kila kundi lililonyamaza mwaka 680 lilipata chake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha kosa, ila ni vigumu kuyasoma bila kuona mtu anayelipa kwa awamu.

Novemba 687 akaugua. Tarehe 14 akamtaja Egica, mume wa binti yake Cixilo, kuwa mrithi; siku ya pili akapokea kitubio, naye akanyolewa. Safari hii mpangilio ulikuwa sahihi: mrithi kwanza, kitubio baadaye, na mgonjwa akiwa na akili zake. Mtu hukumbuka palipokuwa na ufa.

Egica, kwa mapokeo ya Asturias, alikuwa ndugu wa Wamba. Mei 688 aliwaita maaskofu kwenye Mtaguso wa Kumi na Tano akawawekea mezani tatizo: nimekula viapo viwili. Kimoja kwa Erwig, kwamba nitawalinda watoto wake katika kila jambo. Kingine kwa watu, kwamba nitawatendea haki wote. Na wako watu wanaodai mali waliyonyang'anywa na Erwig, mali ambayo sasa iko kwa watoto wake. Nishike kipi? Maaskofu, Julian akiwa mwenyekiti, wakajibu kwamba haki ya watu wote inatangulia, na familia ilindwe katika yale tu yaliyo ya haki. Tarikhi ya Asturias inasema Egica alimwacha Cixilo kwa agizo la Wamba. Iwe mzee alikuwa bado hai, au neno hilo liliwekwa kinywani mwake na watu waliotaka alipiziwe kisasi, Julian aliyemwaga mafuta mwaka 680 sasa alikuwa akiongoza kikao kilichowavua watoto wa Erwig ngao yao.

Kumbukumbu ya Wamba ilienda mbali kuliko utawala wake. Shamba la Gérticos alikochaguliwa linaaminika kuwa ndicho kijiji kinachoitwa Wamba leo, mkoani Valladolid, jina linaloanza na W, herufi ambayo Kihispania chenyewe hakina kazi nayo sana. Katika karne ya 13 Alfonso wa Kumi aliitoa mifupa Pampliega na kuihamishia Toledo. Kabla ya hapo, katika karne ya 12, maaskofu waliogombania mipaka ya majimbo yao walikuwa wakichomoa hati ya kale iliyosema Mfalme Wamba ndiye aliyeigawa nchi, jimbo kwa jimbo, kutoka mji huu hadi kijiji kile. Walioichunguza baadaye wamekubaliana kwamba hati hiyo ni ya kughushi.